Marubani wa Kijeshi na Vitu Visivyotambulika Angani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni visa gani hasa vinavyozungumziwa hapa?

Ni visa ambavyo rubani wa ndege ya kijeshi, akiwa kazini, ameona kitu angani, au vyombo vya ndege yake vimenasa kitu, ambacho yeye na wanaomwongoza kutoka ardhini au melini walishindwa kukitambua. Kushindwa huko hakusemi kitu kimetoka wapi wala kimetengenezwa na nani. Vifupisho UFO na UAP vyote viwili vinahusu jambo hili. Cha kwanza kilienea miaka ya 1950 na cha pili ndicho kinachotumiwa na ofisi za serikali ya Marekani siku hizi.

Marubani walianza lini kuripoti vitu hivi?

Taarifa za kwanza zilizokusanywa kwa wingi ni za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1944, marubani wa Kikosi cha 415 cha Marekani, waliokuwa wakirusha ndege za kivita za usiku juu ya bonde la mto Rhine, waliripoti mianga ya rangi nyekundu na ya machungwa iliyofuatana na ndege zao kisha ikatoweka. Waliiita "foo fighters", jina walilolitoa kwenye katuni ya magazeti ya wakati huo. Walishuku kwamba ni silaha mpya ya Wajerumani, na kwa watu waliokuwa vitani dhana hiyo ilikuwa ya busara kabisa.

Mjadala wa umma uliwashwa tarehe 24 Juni 1947 na mtu ambaye hakuwa mwanajeshi kazini: Kenneth Arnold, rubani wa ndege yake binafsi, aliyesema ameona vitu tisa vikipita kwa kasi kubwa karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington. Magazeti yakavipa jina la visahani vinavyoruka, na kufikia mapema mwaka 1948 Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na mradi wake wa uchunguzi.

Je, kuna rubani aliyepoteza maisha akifuatilia kitu kama hiki?

Ndiyo, na kisa chake kinastahili kusimuliwa kwa utulivu kwa sababu kimepotoshwa sana. Tarehe 7 Januari 1948, Kapteni Thomas Mantell wa kikosi cha anga cha akiba cha jimbo la Kentucky, askari aliyepigana Vita Kuu ya Pili, alikuwa akiongoza ndege chache aina ya F-51 Mustang alipoombwa na wasimamizi wa uwanja wa ndege wa kijeshi wa Godman kwenda kuangalia kitu cheupe kilichoonekana juu sana angani. Ndege hizo hazikuwa zimeandaliwa kwa safari ya kimo kikubwa. Wenzake walikatisha upandaji walipofika kama futi 22,000, lakini Mantell aliendelea kupanda bila oksijeni ya kutosha, akapoteza fahamu, na ndege yake ikaanguka karibu na mji wa Franklin, Kentucky.

Maelezo ya awali ya Jeshi la Anga yalikuwa kwamba alikuwa akiifuata sayari ya Zuhura, maelezo yaliyowaudhi wengi, na kwa haki, kwa sababu Zuhura mchana ni nukta hafifu ambayo hata mwenye kuitafuta hupata shida kuiona. Maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi leo ni kwamba alikiona kitu halisi kabisa: puto kubwa la mradi wa Skyhook, ambao wakati huo ulikuwa siri ya Jeshi la Wanamaji. Mantell hakulifahamu, na waliomtuma hawakulifahamu pia. Siri ya tawi moja la jeshi iliwafanya watu wa tawi jingine wahangaike na kitu ambacho serikali yao wenyewe ilikirusha, na hilo lingejirudia mara nyingine katika miongo iliyofuata.

Jeshi la Anga la Marekani lilichunguza visa vingapi, na liligundua nini?

Mradi uliodumu muda mrefu zaidi uliitwa Blue Book. Ulianza mwaka 1952 chini ya Kapteni Edward Ruppelt na kufungwa Desemba 1969, ukiwa umepokea taarifa 12,618 za marubani, askari wa ardhini na raia. Kati ya hizo, 701 zilibaki bila maelezo. Kufungwa kwake kulitokana na ripoti ya kamati ya Chuo Kikuu cha Colorado iliyoongozwa na mwanafizikia Edward Condon, iliyosema kwamba kuendelea kuchunguza visa hivyo hakungeiongezea sayansi chochote cha maana.

Lakini idadi hizo zisomwe kwa tahadhari. Taarifa inaweza kukosa maelezo kwa kuwa jambo lenyewe ni geni, au kwa kuwa aliyeiandika hakutaja saa, upande wala kimo. Vilevile taarifa inaweza kuwekwa kwenye fungu la zilizofafanuliwa kwa sababu tu mchunguzi alikuwa na haraka ya kulifunga jalada. Mwanaastronomia J. Allen Hynek, aliyekuwa mshauri wa miradi hiyo kwa miaka mingi, alianza akiwa mtu wa kutilia shaka kila taarifa, na baadaye akawalaumu wazi wakubwa wa mradi kwa uchunguzi wa juujuu.

Ni kweli kwamba ndege za kivita zilitumwa juu ya mji mkuu wa Marekani?

Ni kweli. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Julai 1952, na tena juma lililofuata, rada za uwanja wa ndege wa taifa mjini Washington zilionyesha alama zisizotambulika, na ndege za F-94 zikatumwa kutoka jimbo la Delaware. Baadhi ya marubani hawakuona kitu. Mmoja alisema aliona mianga ambayo hakuweza kuifikia. Tarehe 29 Julai, Meja Jenerali John Samford aliwaeleza waandishi wa habari kwamba huenda tabaka la hewa yenye joto lililolala juu ya hewa baridi lilipinda mawimbi ya rada, yakarudi yakiwa na alama za vitu vya ardhini kana kwamba viko angani. Hali hiyo hutokea kweli nyakati za joto kali. Waongozaji wa rada waliokuwa zamu usiku ule, ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kutofautisha alama za namna hiyo na ndege halisi, hawakuridhika.

Tukio gani la karne hii linazungumzwa zaidi?

Ni lile la tarehe 14 Novemba 2004, kwenye Bahari ya Pasifiki, kusini-magharibi mwa San Diego. Kundi la meli za kivita lililoongozwa na USS Nimitz, meli ya kubebea ndege, lilikuwa mazoezini. Kwa siku kadhaa waendeshaji wa rada wa USS Princeton, meli nyingine ya kundi hilo, walikuwa wameona alama ambazo hawakuzielewa, na siku hiyo waliamua kuzielekeza ndege mbili za F/A-18F zilizokwisha kupaa mahali palipokuwa na mojawapo. Ndege moja iliongozwa na Kamanda David Fravor, mkuu wa kikosi chake, na nyingine na Luteni Alex Dietrich. Kila ndege ilikuwa na watu wawili, kwa hiyo walioshuhudia walikuwa wanne. Ndege hizo hazikuwa na makombora halisi.

Kwa mujibu wa maelezo ya Fravor, kwanza waliona maji ya bahari yakichemkachemka mahali pamoja katika siku iliyokuwa shwari, na juu yake kitu cheupe, laini, chenye umbo refu la mviringo, bila mabawa wala moshi, kikiyumba huku na huko bila mpangilio. Alikikadiria kuwa na urefu wa kama futi 40. Alipoanza kushuka kwa kuzunguka, kitu hicho kilielekea upande wake na kuanza kupanda, kana kwamba kinamjibu. Alipokata duara ili akifikie, kikaondoka kwa kasi na kutoweka machoni pake. Muda mfupi baadaye Princeton iliripoti alama kwenye rada yapata maili 60 kutoka hapo, mahali ambapo marubani hao walipangiwa kukutana. Baadaye siku hiyo rubani mwingine, Chad Underwood, alirekodi kwa kamera ya joto video fupi ambayo ulimwengu uliiona rasmi miaka mingi baadaye.

Uzito wa kisa hiki unatokana na macho ya watu wanne kukubaliana na rada ya meli. Udhaifu wake ni kwamba umma haujawahi kuwekewa mezani data kamili za rada hiyo, na video ya Underwood haionyeshi mwendo wa ajabu ambao Fravor aliueleza. Wanaokitetea na wanaokipinga wote hubishana wakiwa na sehemu tu ya ushahidi.

Zile video tatu zilizothibitishwa na Pentagon zinaonyesha nini?

Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilizitoa rasmi tarehe 27 Aprili 2020, ingawa zilikuwa zimekwisha kuvuja, na mbili kati yake zilitangazwa na gazeti la New York Times mwezi Desemba 2017. Wizara ilithibitisha kwamba zilirekodiwa na ndege za Jeshi la Wanamaji. Haikuthibitisha kwamba zinaonyesha chombo kisicho cha kawaida, na wasambazaji wengi wa video hizo huiruka tofauti hiyo.

Ya kwanza ni ya Underwood. Mbili nyingine zilirekodiwa mwezi Januari 2015 pwani ya mashariki ya Marekani na marubani wa meli ya kubebea ndege USS Theodore Roosevelt. Ile iitwayo "GoFast" inaonyesha nukta ikipita kana kwamba inateleza juu ya maji kwa kasi kubwa mno, na sauti za furaha za marubani zinasikika. Hata hivyo, tarakimu zilizoandikwa kwenye kioo cha kamera hiyohiyo, yaani kimo cha ndege, pembe ya kamera na umbali wa kitu, zinatosha kukokotoa kwamba kitu kilikuwa kwenye kimo cha kama futi 13,000, mbali kabisa na maji. Jopo la wataalamu lililoundwa na NASA lilifanya hesabu hiyo mwaka 2023 na kukadiria kasi ya kama maili 40 kwa saa, kasi ambayo hata puto linalosukumwa na upepo wa kimo hicho hufikia. Kasi iliyoonekana ilikuwa ya ndege yenyewe, kama vile mti ulio karibu na barabara unavyoonekana kukimbia mbele ya mlima kwa aliye ndani ya gari.

Ile iitwayo "Gimbal" ni ngumu zaidi. Inaonyesha umbo jeusi likijigeuza angani bila kuanguka. Wachambuzi kadhaa wameonyesha kwa kina kwamba mng'ao wa joto wa injini ya ndege iliyo mbali unaweza kuonekana ukizunguka kwa sababu kamera yenyewe huzunguka ndani ya kasha lake inapofuata shabaha. Ryan Graves, aliyekuwa rubani wa kikosi hichohicho, anajibu kwamba marubani walikuwa wakiona vitu vingine kadhaa kwenye skrini zao, na kwenye sauti ya video mmoja wao anasikika akitaja kundi zima. Maelezo ya mng'ao yanatosha kueleza mzunguko, lakini suala la kundi litaamuliwa na data ambazo hazijatolewa.

Rubani mwenye saa nyingi za kuruka anawezaje kukosea?

Kwa namna ileile ambayo binadamu yeyote hukosea, pamoja na chache zinazotokana na kazi yake. Angani hakuna mti, nyumba wala barabara ya kulinganishia. Kitu kisichojulikana ukubwa wake hakiwezi kukadiriwa umbali wake kwa macho, na kitu kisichojulikana umbali wake hakiwezi kukadiriwa kasi yake. Makadirio yote matatu yamefungamana, na moja likikosewa yanaanguka yote. Usiku, mwanga mmoja usiotikisika dhidi ya giza huonekana ukicheza ukitazamwa kwa muda, kwa sababu jicho lenyewe halitulii. Sayari ya Zuhura ikiwa karibu na upeo wa macho imewahi kuonekana kama ndege inayokuja. Siku hizi kuna pia setilaiti za Starlink, ambazo kwenye pembe fulani ya jua humulika kwa ghafla na kufifia, na marubani wengi wameziripoti.

Kuna pia mafunzo yenyewe. Rubani wa kivita amefundishwa kukiona kila kitu kama tishio linaloweza kumgeukia, na hiyo ndiyo sababu yuko hai. Lakini mazoea hayo humfanya aone nia pale ambapo pengine hakuna. Hayo yote hayamaanishi kwamba ushuhuda wake ni bure. Anazijua ndege za nchi yake na za adui, anajua mawingu, na anajua jinsi vyombo vyake vinavyofanya kazi vikiwa vizima. Asemapo kwamba hajawahi kuona kitu cha namna hiyo, kauli hiyo ina thamani. Asemapo kwamba kilikuwa na urefu wa futi 40 na kikaenda maili 1,000 kwa saa, hapo inafaa kuuliza chombo gani kilipima.

Je, ni Marekani peke yake?

Hapana, ila Marekani ndiyo iliyotoa nyaraka nyingi zaidi. Nchini Iran, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 19 Septemba 1976, ndege mbili za F-4 zilitumwa kwa zamu kufuata mwanga mkali karibu na Tehran. Marubani waliripoti kwamba vyombo na mawasiliano yao vilikatika kila walipokaribia, na Parviz Jafari, rubani wa ndege ya pili, alisema paneli ya silaha ilizimika alipotaka kurusha kombora. Wahakiki husema mwanga ulikuwa sayari ya Mshtarii na ndege zilikuwa na hitilafu za kawaida. Nchini Ubelgiji, usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1990, rada za ndege mbili za F-16 zilinasa shabaha kwa vipindi vifupi, lakini marubani hawakuona kitu chochote kwa macho. Ufaransa imekuwa na ofisi ya kiraia ya kuchunguza visa hivi tangu mwaka 1977, chini ya shirika lake la anga za juu, na huchapisha majalada yake wazi. Ni utaratibu ambao nchi nyingine zingefaa kuuiga.

Marubani wamewahi kufyatua risasi?

Oscar Santa María, rubani wa Peru, alieleza kwamba tarehe 11 Aprili 1980 alipaa kwa ndege ya Sukhoi Su-22 kutoka kambi ya La Joya, akakipiga kwa risasi 64 za milimita 30 kitu kilichofanana na puto, na kisidhurike. Nchini Uingereza, rubani Mmarekani Milton Torres alisema kwamba mwaka 1957 aliamriwa kujiandaa kurusha roketi 24 kwa shabaha kubwa ambayo aliiona kwenye rada tu na ambayo ilitoweka kabla hajairushia. Majalada ya kisa hicho yalifunguliwa mwaka 2008.

Mfano wa karibuni hauna utata wa ushuhuda. Baada ya puto la China kuangushwa tarehe 4 Februari 2023 karibu na pwani ya Carolina Kusini, wasimamizi wa ulinzi wa anga wa Marekani na Kanada walirekebisha rada zao zisichuje tena vitu vidogo vyenye mwendo wa polepole. Mara moja vikaanza kuonekana. Kati ya tarehe 10 na 12 Februari vitu vitatu viliangushwa, Alaska, Yukon na juu ya Ziwa Huron, na siku chache baadaye msako wa mabaki yake ulisitishwa. Joe Biden, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati huo, alisema kwamba huenda vilikuwa maputo ya kampuni binafsi, ya burudani au ya utafiti.

Kwa nini marubani wengi walinyamaza?

Kwa hofu ya kudhihakiwa na, zaidi ya hapo, hofu ya kusimamishwa kuruka. Rubani huruka kwa idhini ya daktari na ya mkuu wake. Daktari au mkuu huyo akianza kutilia shaka akili ya rubani, kazi imeisha. Kwa miongo mingi kejeli ilifanya kazi ya udhibiti bila amri yoyote kuandikwa. Mwaka 1953 jopo la wanasayansi lililoitishwa na CIA lilipendekeza hata umma uelimishwe ili upunguze kuvutiwa na jambo hili. Mwaka 2019 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitangaza kwamba linaandaa mwongozo mpya wa kuripoti, na hatua hiyo ilichelewa mno.

Kuna hatari gani hasa kwa marubani?

Kugongana. Graves ameeleza kwamba baada ya rada za kikosi chake kuboreshwa, yapata mwaka 2014, wenzake walianza kuona vitu karibu kila siku katika maeneo ya mazoezi karibu na Virginia Beach, na kwamba kitu kimoja, alichokieleza kama mchemraba ndani ya tufe, kilipita katikati ya ndege mbili zilizokuwa zikiruka pamoja. Ripoti ya idara za ujasusi za Marekani ya tarehe 25 Juni 2021, iliyochunguza visa 144, ilitaja visa 11 ambavyo marubani waliripoti kunusurika kugongana na vitu hivyo. Kwa rubani aliye kwenye mwendo wa kasi, puto la utafiti na chombo cha siri cha adui vinaua sawasawa.

Je, vitu hivi vinatoka sayari nyingine?

Hakuna ushahidi uliowekwa hadharani unaoonyesha hivyo. Mwaka 2023 David Grusch, ofisa wa zamani wa ujasusi, aliliambia Bunge la Marekani kwamba ameelezwa na wengine kuhusu mpango wa siri wa kukusanya vyombo visivyo vya binadamu; Machi 2024 ofisi ya AARO, iliyoundwa mwaka 2022 kuchunguza visa hivi, ilisema haikupata uthibitisho wowote wa mpango huo. Ripoti yake ya Novemba 2024 ilitaja taarifa mpya 757, huku visa 118 vikitatuliwa kuwa maputo, ndege wenye manyoya, droni na mfano wa hivyo. Taarifa 444 zilikosa data za kutosha, na 21 zilionekana kustahili uchunguzi zaidi. Hizo 21 ndizo zinazofaa kufuatiliwa.

Kwa nini jeshi halitoi video na data zote?

Kwa sababu video huonyesha uwezo wa kamera iliyoirekodi, na adui angejifunza zaidi kuhusu rada ya Marekani kuliko kuhusu kitu kilichonaswa. Sababu hiyo ni ya kweli. Pia ni sababu inayofaa kuficha uzembe, ndiyo maana wabunge wa vyama vyote viwili wamekuwa wakidai waonyeshwe faraghani.

Taarifa ya namna gani husaidia uchunguzi?

Iliyoandikwa siku hiyohiyo, kabla mashahidi hawajazungumza wao kwa wao, ikitaja saa kamili, mahali, kimo cha ndege, upande na pembe ya kitu, na ikitenganisha kilichoonekana na kilichokadiriwa. Husaidia zaidi ikiambatana na rekodi ghafi za rada na kamera, si picha ya skrini, kwa sababu rekodi ghafi hubeba tarakimu za umbali na pembe ambazo mtu mwingine anaweza kuzikokotoa upya, kama ilivyofanyika kwa "GoFast". Vyombo viwili vya aina tofauti vilivyonasa kitu kimoja kwa wakati mmoja vina uzito kuliko kimoja kilichokinasa mara kumi, maana hitilafu ya kamera haiwezi kuonekana kwenye rada.